Mlango Nilioufungua Mimi

Siku yangu ya kwanza katika kikosi cha zimamoto hapa Kamina sikupewa bomba la maji. Nilipewa shoka. Komanda wetu, mtu mfupi mwenye sauti ya kufika sokoni, alinisimamisha mbele ya mlango mkuukuu ulioegemezwa ukutani.

"Weye uko na mabega," alisema. "Pasula."

Niliupasua kwa mapigo matatu. Akacheka, akanipiga mgongoni. "Njo kazi ile!" yaani ndiyo hiyo kazi. "Moshi iko mugeni mubaya. Umufungulie mulango, aende zake."

Vijana, msimcheke. Kwa nyumba za wakati wake hakukosea. Nyumba nyingi zilikuwa za matofali ya udongo, hazina dari, na kati ya ukuta na paa palikuwa na upenyo wa kupitisha mkono. Moshi ulitoka wenyewe. Godoro lilijazwa majani au pamba, likaungua polepole kama mtu mvivu. Tulifika, tukavunja, tukafungua kila dirisha, tukatoa watu na vitu, kisha tukamwaga maji. Nilisifiwa kwa shoka langu hadi Kabongo, nilikohamishiwa kwa misimu miwili kabla ya kurudishwa Kamina.

Kisha nyumba zikabadilika, nasi hatukubadilika. Kuta zikawa za saruji, dari zikazibwa kwa mbao nyembamba, milango ikawa ya chuma. Ndani mkaja viti vya sponji, magodoro ya sponji, mazulia ya plastiki. Sponji si pamba. Inatokana na mafuta, na huwaka kama mafuta: haraka, kwa moshi mweusi mzito. Nyumba ya hivyo ikiwaka huku imefungwa, moto hula hewa yote ya ndani, kisha hunyamaza. Haufi. Unakaa na njaa.

Hilo sikulijua mchana ule tulipoitwa karibu na Base, kambi ya jeshi, kwa mke wa sajini aliyeuza magodoro, au matela, sebuleni kwake. Watu wote walikuwa wametoka. Hapakuonekana mwali wowote. Vioo vya madirisha vilikuwa vyeusi kama vimepakwa lami, na chini ya mlango moshi ulikuwa ukitoka, ukirudi ndani, ukitoka tena, kama mtu anayekoroma.

"Moto imezimika yenyewe, Papa!" mama yule alilia. "Fungula, tuokoe matela yangu!"

Mimi nilisimama kando ya mlango na shoka. Nyuma yangu, akiutazama mlango uso kwa uso, alisimama rafiki yangu Ilunga na lansi mkononi, yaani ile ncha ya bomba inayoelekeza maji. Nilipiga. Mlango ukafunguka. Kukawa kimya, kimya cha kutosha mimi kusema, "Ilunga, ingia," na yeye kupiga hatua moja.

Ndipo nyumba ikavuta pumzi. Niliisikia. Kisha moto ukatoka mlangoni wote kwa pamoja, ukapita mbele ya pua yangu bila kunichoma unywele, ukamfunika Ilunga. Alipona, lakini uso wake ulibadilika na vidole vyake vikakakamaa. Aliacha kazi, akarudi kwao Kabongo.

Sasa sikilizeni kosa letu, kwa kuwa ni kubwa kuliko la mlango. Wiki moja kabla, Ilunga alikuwa amegombana na baba yake mdogo, Papa Ngoy, juu ya shamba. Mzee yule alimwambia, "Utaona." Basi ukoo ulikutana. Moto uliolala, ukaamka kwa ajili ya mtu mmoja, ukamruka aliyeshika shoka: huo si moto wa kutumwa? Huo si bulozi, uchawi wa ndugu? Waliniita nishuhudie. Waliniuliza kama moto ulimchagua Ilunga. Nikajibu, "Ulimuchagua. Niliona na macho yangu."

Papa Ngoy alifukuzwa uani mwa ukoo. Akajenga kibanda ng'ambo ya barabara, na watoto wakafundishwa wasimsalimie.

Miaka mingi ikapita. Nilipokaribia kustaafu, aliletwa Kapiteni kutufundisha, mwanamke aliyeweza kuwa binti yangu. Alikuja na kisanduku cha mbao kama nyumba ya kuku, chenye kimlango cha bati. Sisi wazee tulikonyezana. Aliweka ndani vipande vya sponji, akawasha, moto ukakolea, kisha akafunga kimlango. Miali ikafa. Moshi mzito wa rangi ya njano ukaanza kujipenyeza kwenye nyufa, ukitoka na kurudi.

"Munazania moto imekufa?" aliuliza. Alituamuru tukae kando, ndoo za maji tayari, akafungua kwa fimbo ndefu. Kimya. Kisha, wuuu! Mwali mrefu kuliko mtu ukaruka kutoka kwenye kisanduku kile kidogo.

Nilimgeukia. "Kapiteni, ile iko bulozi?"

"Hapana, Papa. Iko pumuzi. Moshi njo kuni. Ilikosa tu hewa, na weye ukaipatia."

Moshi ni kuni! Nilikuwa nimeishi na moto maisha yangu yote, na sikujua kwamba kile nilichokikimbiza kama mgeni kilikuwa chakula chake. Niliomba aonyeshe tena, na tena. Alifunga, ukalala, alifungua, ukaamka. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna hiyo ndani ya kitu kidogo namna hiyo, na hata leo nikikikumbuka nywele za mikono husimama.

Alitufundisha kazi upya. Kwanza zunguka nyumba na usome moshi wake. Mlango ulio wazi, uvute ufungwe hadi maji yawe tayari. Poza moshi wa juu kwa mirusho mifupi ya maji, hata kupitia dirishani ukiwa nje, ndipo uingie umeinama. Chumba kilichofungwa mlango humlinda aliyemo. Kwa hiyo hata wewe nyumbani, ukikimbia moto, funga mlango nyuma yako. Vijana wa sasa wanafanya hivyo, na shoka hutoka garini kwa amri tu. Nawaonea fahari.

Lakini kila alipofungua kisanduku kile, nilimwona Papa Ngoy.

Nilipostaafu, jambo la kwanza nililofanya ni kujipigilia kisanduku changu, nikakifunga kwenye pikipiki, nikaenda Kabongo. Ilunga alinipokea kwa kicheko. "Kalenga! Umezeeka, unaanza kutembea na nyumba za kuku?"

Sikuweza kucheka. Nilimwonyesha. Mwali uliporuka, alirudi nyuma akifunika uso. Kisha akasogea, akaichukua fimbo kwa vidole vyake vilivyokakamaa, akafunga, akafungua mwenyewe. Alifanya hivyo mpaka sponji ikaisha.

"Njo weye ulifungula," alisema mwishowe.

"Njo minyi," nilikiri kwamba ni mimi.

"Na kwenye kikao ulisema moto ilinichagua."

"Nilisema. Nilikuwa sijue. Lakini shoka ilikuwa mu mikono yangu, na nikaachia muzee abebe kosa."

Hakuniambia kwamba amenisamehe, na mpaka leo hajaniambia. Alisimama, akavuka barabara, nami nikamfuata kwa mbali. Papa Ngoy alikuwa amekaa chini mbele ya kibanda, akipukuchua mahindi ndani ya beseni. Alipomwona Ilunga anakuja, alilivuta beseni kwake haraka, kama mtu aliyezoea kumwagiwa vitu vyake.

Ilunga akaketi mavumbini mbele yake, akachukua hindi, akaanza kupukuchua. Punje zilimponyoka.

"Mikono yako haiwezi, mwana wangu," mzee alisema.

"Nitaweza, Baba."

Papa Ngoy aliitazama mikono ile kwa muda mrefu. Kisha akalisukuma beseni, likakaa katikati yao.