Joto la Wadudu

Chumba cha wageni niliwanyang'anya wageni nikawapa wadudu. Ni wale wadogo wekundu wenye madoa meusi mgongoni, ambao hula vidukari kwenye nyanya na sukuma wiki. Nawafuga ndani ya masanduku ya plastiki, na akina mama wa kikundi chetu huwachukua na kuwaachilia shambani badala ya kupiga dawa. Hapa kwetu, juu ya Kiptere, ukungu unaweza kulalia michai mpaka saa nne asubuhi, na mdudu huyo hapendi baridi. Joto likishuka anazubaa, hali, na mayai yanakataa kuanguliwa. Likizidi, njaa inawapanda wanaanza kulana. Kwa hiyo nilifunika kuta kwa magunia, nikaweka hita na kipimajoto, nikapiga marufuku mlango kufunguliwa ovyo. Nilikuwa mkali. Hata mume wangu alikuwa anabisha hodi kwanza.

Mwezi wa saba baba mkwe alikuja kutoka Siongiroi, ambako jua huonekana hata mwezi huo. Kifua kilikuwa kinamsumbua na alitakiwa kuonana na daktari mjini Kericho. Mume wangu ni dereva, alikuwa Narok. Binti yetu alikuwa shule ya bweni. Tulibaki mimi na mzee, watu ambao kwa heshima ya kwetu hatuna maneno mengi. Yeye hakanyagi chumba changu, nami chakula chake naweka mezani na kuondoka. Akitaka kitu humwambia mwanawe au mjukuu wake. Safari hii hakuwa na mtu wa kumtuma.

Nilimtandikia godoro sebuleni, nikampa blanketi mbili, zile mpya zenye maua, nikajiona mke mwema kabisa. Jioni nilimsikia akikohoa. Nilifikiria kumchemshia tangawizi, lakini mvua ya mawe ilikuwa imeteremsha joto na macho yangu yalikuwa kwenye kipimajoto. Nikaongeza hita, ya wadudu. Naandika haya masikio yakiniwaka.

Asubuhi ya kwenda kliniki nilikuta mlango wa wadudu uko wazi kidogo. Damu ilinipanda. Kikundi kilikuwa kinawangojea wiki hiyo hiyo, na mimi nilishaona mayai yote yameharibika. Nikausukuma nikaingia. Mzee alikuwa ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, koti mwilini, kofia magotini, mikono ameielekeza kwenye hita. Kwa mara ya kwanza tangu aje alikuwa anapumua bila kukoroma kifuani. Hilo nililitambua baadaye. Kwanza nilitazama kipimajoto, kisha nikasema, bila hata salamu:

"Baba, hii mlango haifunguliwangi."

Alisimama haraka kuliko alivyopaswa. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba kifua kilimbana alfajiri, akahisi joto likitoka chini ya mlango, akadhani ni jikoni. Mlango aliuacha wazi kidogo kwa sababu si vizuri mzee kujifungia ndani ya chumba cha mke wa mwanawe. Halafu akaniomba msamaha. Mzee wa kanisa, baba wa mume wangu, akiniomba radhi kwa ajili ya wadudu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulienda kliniki. Daktari alimpima, akampa dawa na kumtaka arudi wiki iliyofuata, akaonya kwamba kifua hicho hakitaki baridi hata kidogo. Kisha akanigeukia mimi, akauliza mzee analala wapi. Nilifungua mdomo, lakini mzee aliniwahi.

"Nalala kwa room iko na heater," alisema. "Huyu ananitunza vizuri sana."

Sijawahi kumsikia mtu huyo akidanganya. Daktari alinisifu, akasema wazee wengi hawana bahati kama hiyo. Nami, bila haya, nikaitikia kwa kichwa. Mzee angenigombeza mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni, ningeona afadhali.

Nje tulijikinga mvua chini ya paa la duka la dawa. Yeye alikuwa anatazama barabara tu. Nilijua hatamwambia mtu yeyote, hata mwanawe, na hilo lilinichoma zaidi. Nilikuwa bado natafuta namna ya kuanza aliposema, bila kunigeukia:

"Sasa ukinirudisha sitting room, nitakuwa nimedanganya daktari."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniomba kitu tangu niolewe, na ilimbidi kwanza aseme uongo ndipo aweze.