Paking Niliyoipima Jumapili

Mchoro ule ulikuwa mzuri. Naanza kusema hivyo kwa sababu ndicho kitu cha kwanza nilichokifikiria siku ile, hata kabla ya aibu kunishika, na najua hakinipi sifa yoyote.

Mie sikusomea michoro. Nilijifunza mwenyewe, nyumbani Mtoni, kwa video za kwenye simu na kompyuta ya mtumba ambayo kioo chake kilikuwa na mstari wa kijani katikati. Wazazi wangu ni walimu waliokuja Dar kutoka bara, na walitaka niwe mhasibu. Ofisi moja ndogo ya michoro Kinondoni iliponipokea, hakuna aliyeniuliza cheti. Walinipa nyumba niichore, nikaichora, wakaniambia njoo Jumatatu. Tangu hapo nimeishi na hofu moja: kwamba siku moja mtu atakuta mstari umepinda, kisha ataniuliza nimesoma wapi. Kwa hiyo mistari yangu haipindi. Nachora, nafuta, nachora tena. Nahesabu madirisha nikiwa kitandani. Nimewahi kugeuza njia nikiwa nimekaribia nyumbani na kurudi Kinondoni, kwa sababu tu nilihisi kuna neno nimelianza kwa herufi ndogo.

Kisha ikaja kazi ya paking. Nyuma ya safu ya maduka, si mbali na ofisi yetu, kulikuwa na uwanja mpana wa kuegesha magari, wenye ukuta pande tatu na geti la bati. Ukiwa barabarani huoni kitu zaidi ya geti na magari yanayoingia na kutoka. Mwenye uwanja alikuwa ameingia ubia na kampuni iliyotaka kujenga ghorofa: maduka chini, nyumba za kupangisha juu, magari yashushwe chini ya ardhi. Nilifurahi kwa dhati. Niliamini, na bado naamini, kwamba ni dhambi kulaza ardhi nzuri kwa ajili ya magari yaliyosimama wakati watu wanapanga vyumba mwisho wa dunia. Bosi wangu, ambaye ndiye msanifu, alitaka kwanza ramani ya hali halisi, yaani mchoro wa kila kilichopo uwanjani kabla ya ujenzi: ukuta, nguzo, mfereji, kila kitu.

Nikaamua kwenda Jumapili, alfajiri, kabla ya ibada. Siku za kazi magari yangejaa, na mie sikutaka tepu yangu ya kupimia ipande juu ya boneti ya mtu na kunipotezea sentimita. Mlinzi alinifungulia geti huku anapiga mwayo.

"Sista, Jumapili yote hii unapima nini? Kaburi?"

"Napima uwanja, kaka."

"Ungekuja kesho ungekuta watu."

"Ndiyo maana nimekuja leo," nikamjibu, nikacheka. Yeye hakucheka.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa, bado una unyevu wa maji kama ua wa nyumba inayongoja wageni. Nilipima kila upande mara tatu. Nguzo ya umeme iliyokuwa kwenye kona nilipima hadi mzunguko wake, nikahesabu na waya zilizotoka juu.

Sasa nifike panaponiuma. Chini ya nguzo ile palikuwa na doa jeusi la mviringo, kubwa kama sinia la pilau, na sakafu iliyolizunguka ilikuwa imelainika hadi inang'aa. Ukutani juu ya doa kulikuwa na misumari iliyopangwa sawasawa. Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na kifereji kilichochimbwa kwa jembe kuelekea mtaroni. Niliviona vyote. Nilivipiga picha. Nilipofika nyumbani nilivichora, kila kimoja mahali pake, kisha nikarudi nyuma kidogo kuutazama mchoro. Ulionekana mchafu, kama ukurasa uliodondokewa na chai. Nikajiambia doa si jengo, msumari si ukuta. Nikafuta doa. Nikafuta misumari. Nikafuta kifereji. Pembeni, kwa herufi safi, nikaandika: Uwanja mtupu. Hakuna matumizi mengine zaidi ya maegesho.

Bosi alipouona alisema, "Hii sasa ndiyo kazi." Nililiweka neno lile moyoni wiki mbili nzima.

Wiki mbili zilipokwisha, siku ya Jumatano saa nne asubuhi, kampuni iliitisha mkutano palepale uwanjani. Bosi akanichukua nimsaidie kubeba mchoro, uliochapwa kwenye karatasi kubwa kama shuka. Nilipovuka geti nilisimama. Nilidhani kweli tumekosea uwanja. Maturubai ya bluu yalikuwa yamening'inia kwenye misumari yangu, ile niliyoifuta. Wanaume wamevaa mabuti ya mpira wanamwaga povu juu ya magari, na maji yanakimbia kwenye kifereji changu. Fundi viti alikuwa ameketi katikati ya sponji na ngozi. Kulikuwa na mabenchi, ndoo, madumu, redio inayopiga singeli, harufu ya vitunguu. Na chini ya nguzo, juu kabisa ya doa, jiko la mkaa na sufuria inayochemka, na mama mmoja wa makamo, kajifunga kanga kiunoni, anaonja mchuzi kwenye kiganja.

Nilishika ukuta.

Mwakilishi wa kampuni, kijana mpole aliyevaa kofia ngumu ya ujenzi, alisalimia wazee shikamoo mmoja mmoja, kisha akaeleza. Jengo jipya litakuwa na vibanda vya biashara ndogo upande wa nyuma. Mwenye uwanja hataki watu wake watupwe. Kila ambaye shughuli yake imo kwenye ramani ya hali halisi atapewa nafasi. Majina yanafungwa Ijumaa.

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika ncha moja ya karatasi, bosi ameshika nyingine, na sikuwa nimewahi kusikia kwamba ramani yangu ingetumika kwa jambo hilo. Tukaibandika ukutani.

Muosha magari mmoja, mtu mzima mwenye tumbo kubwa ambaye wenzake walimwita mwenyekiti, alisogea akavaa miwani. Akatazama. Akavua miwani, akaifuta kwa fulana, akaivaa tena.

"Mbona sie hatumo?"

"Angalia vizuri, mwenyekiti, labda imebandikwa kichwa chini," mmoja akamtania, watu wakacheka.

"Geti hili hapa. Ukuta huu hapa. Mie nipo wapi?"

Mama wa chakula alikuja na mwiko mkononi. Alitafuta kwa kidole kutoka getini, akafuata ukuta hadi kwenye kona, kidole kikasimama. "Nguzo hii. Wamechora hadi waya." Akageuka kututazama. "Nguzo ipo, halafu mie nipikaye chini yake sipo?"

Kicheko kilikatika. Redio pekee iliendelea, hadi mtu akaizima.

"Aliyepima alikuja Jumapili huyu," mwenyekiti akasema polepole. "Jamani. Si kila Jumamosi jioni tunatoa vyombo vyote nje? Tunafagia, tunapiga maji, ili wenzetu wa kanisa hapo jirani wapate pa kuweka magari yao. Hakuna aliyetulazimisha. Ni ustaarabu wetu tu, tangu zamani. Sasa ustaarabu ndio umetufuta?"

Kanisa lile la jirani ni la kwetu. Wazazi wangu husali huko kwenye sikukuu kubwa. Baba yangu amewahi kuegesha gari la kuazima katika uwanja ule, na hata siku moja hatukujiuliza nani huufagia.

Bosi alisema, "Mchoro umepimwa kitaalamu," akanikanyaga kidogo mguu. Mwenyekiti akauliza ni nani aliyepima. Bosi akajibu, "Ofisi." Mimi nikanyamaza. Naomba hilo lisomwe kama lilivyo: nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa watu wale, tepu ikiwa mfukoni, nikanyamaza. Nilichokuwa nawaza si wao. Nilikuwa nawaza kwamba hatimaye yule mtu niliyemngoja miaka yote amekuja, na sasa ataniuliza nimesoma wapi.

Mkutano ulivunjika kwa minong'ono. Mwakilishi alisema anasikitika, lakini kampuni inafuata ramani. Bosi akaenda pembeni kuzungumza kwenye simu. Nikabaki nimesimama kwenye kona, na yule mama akaniona.

"Mwanangu, njoo ukae, umepauka. Umekunywa hata chai?" Kabla sijajibu alishanipa benchi na sahani ya wali na maharage. "Kula. Makompyuta yanawanyonya damu nyie."

Nilitia kijiko cha kwanza mdomoni nikaiweka sahani kando.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mie ndiye niliyechora."

Hakupaza sauti. Alipunguza moto kwanza, kwa kutoa kaa moja baada ya jingine.

"Ulikuja Jumapili?"

"Ndiyo."

"Uliona hapa?" Akaonyesha kwa mguu sakafu iliyong'aa kando ya jiko. "Hili doa?"

"Niliona."

"Ukalifanyaje?"

"Nikalifuta. Mchoro ulikuwa unaonekana mchafu."

"Mie nalisugua doa hili kila Jumamosi, kwa mchanga na sabuni, miaka yote hii, halitoki. Wewe umelitoa kwa nini?"

Nililitoa kwa kidole kimoja, nikiwa nimekunja miguu kitandani, nikifurahia jinsi pale palivyobaki peupe.

Mwenyekiti, aliyekuwa amesikia, alikuja na kusimama mbele yangu. Nilingoja matusi. Alisema, "Basi toa hiyo tepu yako, binti. Leo ni Jumatano. Watu wapo."

Tukapima. Mama alishika ncha ya tepu kwa mkono wenye harufu ya kitunguu, na alikuwa akinivuta mkono nikikiruka chombo chake. "Na beseni. Beseni nalo lina mahali pake." Waosha magari walinisomea urefu wa kifereji kwa mayowe. Mmoja akasema, "Pima na tumbo la mwenyekiti, nalo linachukua nafasi," na mwenyekiti akalitoa mbele kwa fahari. Nilicheka huku machozi yananitoka. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilipima kila kitu mara moja tu, kwa sababu watu wenyewe walikuwa wamesimama pale kunisahihisha.

Ndani ya gari bosi alikuwa mkali, kisha akawa mnyonge, jambo lililonitisha zaidi. "Unajua kampuni ikijua tumekosea hali halisi, kazi inayofuata hatuipati? Nina watu sita ofisini." Nilimjibu kwamba hatukukosea, nilifuta. Tulipofika mlangoni mwa ofisi akasema, "Mimi siwezi kuisaini ramani mpya. Ukiituma, tuma kwa jina lako."

Alhamisi mchana niliituma kwa mwakilishi, na bosi akiwa na nakala. Chini ya mchoro mpya niliandika kwamba ule wa kwanza ulipimwa Jumapili, siku ambayo wafanyabiashara huondoa vyombo kuwapisha waumini. Kwamba alama za jiko, misumari na kifereji zilionekana. Kwamba mimi, ambaye sina cheti cha fani hii, nilizifuta. Lile neno la cheti hakuna aliyeniuliza. Nililiandika kwa sababu nilikuwa nimechoka kungoja kuulizwa. Niliangalia herufi kubwa na ndogo, nikabonyeza.

Ijumaa mwakilishi alikuja uwanjani mwenyewe na karatasi yangu mkononi, akazunguka akilinganisha. Mama wa chakula akakubaliwa. Fundi viti akakubaliwa. Alipofika kwenye kifereji alisimama sana. Akasema magari yanashuka chini ya ardhi, na chini kule hakuna pa kumwaga maji ya kuoshea. Waosha magari hawana nafasi.

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka Jumatano. Nilikuwa nimeamini kabisa, kama mtoto, kwamba mchoro ukiwa sahihi kila kitu kitakuwa sahihi.

"Haya," mwenyekiti akasema, anavua mabuti. "Angalau safari hii mnatufukuza mkiwa mmetuona."

Nikamwambia samahani. Akaniambia nisimwonee huruma, atatafuta uwanja mwingine. Mji huu haujakosa magari machafu. Lakini alilivua buti la pili kwa shida, na mwenzake akainama kumsaidia, na hakuna aliyetania.

Ofisini bado nipo. Bosi ananipa kazi ndogondogo, vyoo na ngazi, na haniambii tena kwamba hii ndiyo kazi. Uwanja umezungushiwa mabati mapya na ndani mashine zinachimba. Wiki iliyopita nilipita nikamkuta mama anapikia ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Aliponiona alifungua pindo la kanga akatoa barua ya kampuni, imekunjwa hadi imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

"Nisomee namba ya kibanda changu."

Nikamsomea.

"Na jina langu limo?"

"Limo, mama."

"Mwishoni wameweka muhuri?"

"Wameweka."

Aliangalia mabati, vumbi likipanda nyuma yake, kisha akaigusa barua mkononi mwangu. "Soma tena," akasema. "Polepole. Anzia juu."