Gitaa la Baba na Gunia la Mbaazi

Juzi huko Kibwezi nilimwona fundi akiligonga gitaa kwa kidole huku ameliinamia kusikiliza, na wivu wangu wa zamani ukanirudia.

Nilikuwa mdogo, tukiishi Kilungu, Baba aliponunua gitaa kuukuu lenye kifua kilichobinuka. Seremala fulani alikuwa ameziba nyufa zake kwa misumari na gundi ya mabomba. Mchana ule Baba alikaa barazani akiikwangua gundi hiyo polepole, huku gundi ya ngozi ikichemka kwenye sufuria na kunuka kama kwato zilizoungua. Kila mara aligonga mbao, akasikiliza. Leo najua alikuwa akitafuta mahali palipobanduka kwa ndani. Wakati huo niliamini gitaa lilikuwa linampa siri.

Mimi nilikuwa nimejikwaa, kidole cha mguu kikitoka damu. Nikamwonyesha.

"Enda kwa mama yako akuoshe," alisema bila kuinua macho.

Basi nikachukua kile kibao kidogo kinachobeba nyuzi, nikakificha ndani ya gunia la mbaazi. Baba alikitafuta mpaka jioni, akapekua hata takataka. Nilipomwona amepiga magoti uani nikashindwa kuvumilia, nikamletea.

"Mbona ulifanya hivyo, Mwende?"

"Wewe unaongea na hiyo tu."

Alirudi kwenye benchi la barazani, akalipakata gitaa, akaniketisha kando yake na kunipangusa damu iliyokauka. Nilitulia. Lakini niliona kwamba mkono wake wa pili haukutoka kwenye shingo ya gitaa.