Alilaumu mkaa, kumbe korona imerudi

Saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa bati unafunguka nusu na mwanamume mwenye fulana nyeupe anatoka kibandani na pasi ya mkaa mkononi. Anaipunga mbele na nyuma, cheche zinaruka, majivu yanamwangukia viatuni. Kisha anachovya kidole kwenye kopo la maji na kukigusisha kwenye kitako cha pasi. Chwaa!

"Imekubali," anasema, na kuingia ndani.

Juu ya meza, iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka lenye alama za kuungua, kuna suruali ya kijivu inayomsubiri. Anailaza mguu juu ya mguu, anavuta mshono hadi ukutane na mwenzake, anapulizia maji kutoka kwenye chupa ya plastiki, na pasi inateremka taratibu. Ikifika chini, mstari wa suruali umesimama sawasawa. Kwa sababu ya mistari hiyo, mtaa mzima umesahau jina alilopewa na wazazi wake. Anaitwa Mstari, basi.

Mara anakohoa. Kikohozi kimoja tu, cha kusafisha koo. Kwenye kibanda cha jirani, fundi viatu anaacha kushona na kuinua kichwa.

"Mstari! Huo ni mkaa au ni nini?"

"Ni mkaa, ndugu yangu."

"Hata mara ile ulisema ni mkaa!"

Wanacheka wote wawili, kicheko cha watu waliokoswakoswa na gari barabarani wakafika ng'ambo salama. Ukitaka kujua kwa nini wanacheka hivyo, lazima umjue mke wa Mstari.

Mwaka jana mama huyo alipandikizwa figo. Zake mbili zilikuwa zimechoka kabisa, na aliyemtolea moja ni mdogo wake wa kike, tumbo moja. Tangu siku hiyo anameza dawa asubuhi na jioni ili mwili wake usiikatae figo ya mdogo wake. Dawa hizo hizo zinaupunguzia mwili nguvu ya kupambana na maradhi. Ugonjwa ambao wewe na mimi tungeumaliza kwa wiki moja kitandani, yeye unaweza kumrudisha hospitali, na pengine kuondoka na ile figo.

"Nyumbani kwetu mafua si mafua," anasema Mstari. "Ni mgeni mwenye kisu."

Korona ya kwanza ilimpata miaka kadhaa iliyopita, kabla ya mkewe kupandikizwa. Wakati huo Mstari alikuwa bado anapiga pasi kwa mtindo aliofundishwa na wakubwa wake wa kazi: unachukua funda la maji mdomoni, unavimbisha mashavu, unalipuliza juu ya nguo, phuuu, linatua kama ukungu. Anaapa mpaka leo kwamba hakuna chupa inayoweza kulowesha nguo vizuri kama mdomo wa dobi aliyeiva.

Wateja hawakuwa tayari kujadiliana naye. Habari zilipoenea kwamba dobi ana korona, kila mtu alianza kukumbuka mashati aliyovaa yakiwa na mate yake.

"Walinikimbia utadhani nawadai," anasema, akicheka. "Nilipopona nilikaa na pasi ya moto na meza tupu."

Mteja wa kwanza kurudi alikuwa nesi wa zahanati iliyo nyuma ya soko. Alikuja na sare zake zote pamoja na chupa ya kupulizia maji, akaviweka vyote mezani. "Baba, kuanzia leo maji yatoke humu," alimwambia. Wengine walipoona nesi anapeleka nguo, nao wakarudi mmoja mmoja. Mstari alichanjwa, mkewe akachanjwa, maisha yakaendelea.

Safari ya pili, mkewe akiwa tayari na figo mpya, ndiyo iliyomwacha na aibu.

Alianza kukohoa siku alipofungua gunia jipya la mkaa. Ulikuwa umenyeshewa kidogo, ukafuka moshi kibanda kizima, na dobi wetu akajua adui yake. Siku ya pili alikohoa tena, macho mekundu, kichwa kizito. Akalibeba gunia mabegani hadi kwa muuza mkaa na kulibwaga mbele ya wateja wake.

"Umeniuzia sumu!" alifoka.

"Mzee, kwa mkaa huo huo nampikia mwanangu chai."

"Basi mwonee huruma mwanao!"

Akarudi na gunia jingine, kavu, safi. Kikohozi hakikuondoka. Mtu mwingine angeshtuka. Mstari alisema moshi wa gunia la kwanza bado umemkaa kifuani.

Nesi alipopita kuchukua sare zake, alisimama mlangoni, hakuingia.

"Unakohoa tangu lini, baba?"

"Ni huu mkaa, nesi."

"Na hayo macho?"

"Mkaa."

"Na hilo koti ulilovaa, mbele ya pasi ya moto?"

Mstari anasema alijitazama. Kweli, alikuwa amevaa koti, na lilikuwa limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Mkaa hauleti homa, baba," nesi alisema kwa upole, akampa barakoa na kumwambia amfuate. Kipimo hakikuchelewa kutoa jibu.

"Nilikuwa na korona tena," anakumbuka Mstari. Anaiegesha pasi kwenye kigae chake, maana hapa hawezi kuongea na kunyoosha nguo kwa pamoja. "Sikujiwazia mimi. Usiku wa jana yake nilikuwa nimekula meza moja na mke wangu. Nikamwona shemeji yangu akilini, amelala hospitali, mtoto wa watu amekatwa ubavuni. Katoa kiungo cha mwili wake, halafu mimi nakuja kukipoteza kwa ubishi wa gunia la mkaa."

Hakurudi nyumbani. Alilala kibandani, juu ya meza yake ya kazi. Chakula alikipika mkewe, na fundi viatu ndiye aliyekwenda kukichukua, akakiweka juu ya kigoda nje ya mlango, akagonga bati kwa nyundo na kukimbia. "Alikuwa anakimbia kama mtoto aliyevunja dirisha," Mstari anasema. Fundi anaitikia kutoka kwake: "Na wewe ulikuwa unamaliza chakula kama huumwi!"

Muuza mkaa naye alisikia. Badala ya kuja kudai haki yake mbele za watu, alituma mfuko wa mkaa mkavu kabisa, bure, na salamu: mzee apone kwanza, tutagombana baadaye. Hawajagombana mpaka leo. Mstari alipopata nafuu alikwenda kumwomba radhi pale pale alipomtukana, wateja wakisikia.

Nyumbani, mkewe alikuwa akipimwa. Hospitali ilimwagiza apige simu mara moja akihisi joto tu mwilini. Kipimo cha kwanza kikasema hana. Wakangoja, wakarudia. Hana. Walipopima kwa mara ya mwisho, alisimama barabarani mbele ya kibanda, mbali kidogo, akapaza sauti: "Baba watoto! Niko salama!"

"Nililia," anasema Mstari bila kuzunguka. "Mwanamume mzima, nimekaa juu ya mashati ya watu, nalia."

Mtu aliyenusurika namna hiyo hataki kungoja. Kipimo chake kilipokuwa safi, alikwenda moja kwa moja zahanati, mkono wa shati umekunjwa tayari, kudai chanjo ya nyongeza. Mkewe alikuwa upande wake. "Nilitaka achomwe siku hiyo hiyo, mikono yote miwili," mama anasema. "Ningekuwa na sindano ningemchoma mwenyewe." Fundi viatu alikuwa na lake: mtu aliyeugua mara mbili chanjo ya nini tena, si mwili umeshazoea?

Nesi hakukubaliana na upande wowote. Alimkalisha Mstari na kumweleza kwamba ugonjwa aliotoka nao umemwachia kinga, ila kinga hiyo haikai milele, inafifia. Mtu aliyetoka kuugua anaweza kusubiri, hata miezi mitatu hivi, kisha aongeze. Halafu akamuuliza: "Mbele yenu kuna jambo gani?"

Jambo lipo, na kubwa. Shemeji yake, yule aliyetoa figo, anaolewa. Tangu upasuaji, mke wa Mstari hajakaa kwenye mkusanyiko wowote. Sherehe za ndugu anazisikia kwa simu. Harusi hii ndiyo anayoitaka kuliko kitu chochote, na ndiyo inayomtisha mumewe kuliko kitu chochote.

Kwa hiyo wakahesabu kinyumenyume, kutoka harusini. Chanjo huchukua kama wiki mbili kuujengea mwili kinga sawasawa, nesi alieleza, basi Mstari achanjwe wiki chache kabla ya sherehe. Ya mkewe ni ya kupangwa na daktari wake wa figo, kwa sababu ya zile dawa, na tayari ameipanga.

Mstari alilielewa jambo hilo kidobi. "Nguo ukiipiga pasi ikiwa chapachapa, unahangaika bure. Ukiiacha ikauka kama karatasi, mikunjo haitoki hata ukeshe. Ina wakati wake."

Nesi, aliyekuja kuchukua sare tukiwa tunazungumza, anacheka kusikia somo lake limegeuzwa nguo. "Si hivyo hasa, baba. Hata ungechanjwa mapema usingedhurika. Ila unayo kinga sasa hivi, kwa nini usiongeze nyingine pale hii inapopungua, na pale mama anapokuhitaji?"

"Ndiyo niliyosema," anajibu Mstari, na nesi anaamua kuyaacha hapo.

Jioni, nyumbani kwao, mama anafungua kabati na kutoa gauni la kijani kibichi, bado lina mikunjo ya dukani. Atalivaa siku hiyo, na barakoa juu, na kiti chake kitawekwa karibu na dirisha. Yote yamekubaliwa. Lakini mumewe alipokuwa bado amejifungia kibandani, anasema, yeye alikata tamaa. Alimpigia mdogo wake simu na kumwambia aendelee na harusi bila yeye, asije akawa mzigo.

"Unajua alinijibu nini?" Anakaa kitandani, gauni mapajani. "Alisema, 'Dada, figo yangu moja iko kwako. Usipokuja, nitaolewa pungufu.'"

Anafuta macho kwa kiganja. Mstari, aliyeegemea mlango, anakuja na kulichukua lile gauni. Analigeuza upande wa ndani, anapapasa mshono wa kiunoni kwa kidole gumba.

"Hili nalipiga mwenyewe, tena asubuhi ile ile," anasema. "Ndani yake mtakuwa watu wawili, wewe na mdogo wako."