Gari ya Dada Zule na Shimo la Makumbi

Dada yangu Zuleikha alinunua gari ile mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka hamsini na mbili na leseni ya miezi mitatu. Nnaanza na leseni kwa sababu wote wanaomsifu husahau kuitaja.

Anayetaka kumjua Zule aende soko la Mwanakwerekwe aulize Bi Zule wa thomu. Ataonyeshwa mwanamke mfupi, mnene, anabishana na watu watatu kwa wakati mmoja na wote anawashinda. Alianza na sinia moja la thomu, yaani kitunguu saumu, chini ya ngazi za jumba letu la Michenzani, akafika kupokea magunia bandarini. Mume alimfia mapema, mtoto hakujaaliwa. Alichobaki nacho ni thomu, mimi mdogo wake, na mama yetu, Bi Mize.

Mama alipooza upande wa kulia. Sisi tunakaa ghorofa ya nne, na ngazi za Michenzani kila mtu anazijua. Miaka miwili mizima mama hakukanyaga nje. Alikuwa akikaa dirishani akitazama mabati ya watu, na kila siku neno lake moja: "Nipelekeni Jambiani nkamwone dada yangu, kabla hajafa mmoja wetu." Tukimwambia gari za abiria hazitamuweza, hunyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikomtoa Zule usingizi, akaagiza gari.

Ikaja kutoka Japani, ilishatumika huko na mtu ambaye, kwa nlivyoona, hakuwahi kula hata karanga ndani yake. Nyeupe ya kung'aa kama lulu. Kwa urefu imekwenda juu kama gari za porini, viti vya kitambaa vinakumeza, na nyuma ukifungua mlango unaingiza kigari cha mama cha kusukuma, magunia mawili ya thomu, na bado sufuria ya pilau ina pahala pake. Kiyoyozi kinatia baridi mpaka magotini. Ukitia ufunguo, bibi mmoja wa Kijapani anasema humo ndani, na mtaani kwetu hapakuwa na aliyejua anasema nini. Mama, siku alipoteremshwa akamsikia mara ya mwanzo, alimjibu: "Marahaba, mwanangu."

Wiki ya pili gari nzima ilinuka thomu. Zule hakujali. Alikuwa akiendesha kidevu juu, na watu wakimpisha.

Mtu mmoja tu hakuvutika, Fundi Mkadam, anayetengeneza gari nyuma ya soko. Aliinama, akatazama chini ya bodi, akainuka akipangusa mikono.

"Bi Zule, gari nzuri. Lakini hii ni teksi iliyovishwa nguo za landrova. Chini ni gari ya mjini. Tairi zinazovuta ni mbili za mbele, basi. Lami, nenda utakako. Mchanga na tope, kaa mbali."

"Fundi," Zule akamjibu, "kama huna ya kusifu, si lazima useme."

Tukaondoka, na njia nzima akawa anasema Mkadam ana kijicho. Mimi nlinyamaza. Leo najuta kunyamaza kule kuliko maneno mengi niliyoyasema, na nimesema mengi.

Siku ya safari tuliambizana saa mbili asubuhi. Zule akapitia sokoni dakika tano, zikawa masaa manne. Mama tayari keshateremshwa na majirani wawili juu ya kiti, kakaa kwenye gari na buibui lake jipya, kushoto nyuma, mkanda kifuani, hataki hata maji asije akaomba choo. Tukatoka baada ya Adhuhuri. Kwenye msitu wa Jozani kima punju wakavuka barabara na wana wao vifuani, mama akacheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka miwili sijamwona kucheka vile. Mpaka hapo gari ile nlikuwa naipenda.

Paje lami ikaisha. Njia ya Jambiani wakati huo ilikuwa mawe matupu, yamechomoza kama meno. Kila gurudumu likigonga, mama anaguna. Hakulalamika, aliguna tu, na kila mguno Zule anakunja uso. Baadaye akasimamisha gari, akatazama chini pwani. Maji yako mbali, mchanga mweupe umetandazwa, na juu yake alama za tairi.

"Tunapita chini," akasema.

"Dada, hizo ni landrova za watalii."

"Na hii ni nini? Baiskeli?"

"Fundi kasema..."

"Fundi hana mama mgonjwa kwenye gari. Shika pochi yangu."

Akateremka. Nami lazima niseme kweli: mwanzo ilikuwa raha. Mchanga mgumu kama saruji, gari haitikisiki, mama kalala kichwa kimeinama. Zule akanitazama kwa jicho la pembeni, lile la kunambia umeona. Upande wa nchi kavu pwani ikabadilika. Ule mchanga wa kupandia ukaisha, likaanza jabali, limeliwa na maji chini, juu limetokeza kama sakafu, urefu wake kumpita mtu. Mbele yetu kukawa na vichungu vya mawe, kimoja hapa, kimoja pale, vimepangwa kwa mkono. Zule akawa anavikwepa kwa ustadi, kushoto, kulia, kama anayecheza.

Gari ikapiga magoti.

Sina namna nyingine ya kusema. Mbele ilididimia ghafla upande wa kushoto, kipaji changu cha uso kikagonga kioo, yule bibi wa Kijapani akaanza kusema upesi upesi. Zule akakanyaga mafuta. Tairi zikalia, tope jeusi likaruka mpaka juu ya vioo, gari ikazidi kuzama. Akatia rivasi, ikawa yale yale. Nlipofungua mlango kutazama, uvundo ulionipiga nliudhani wa mzoga.

Mama akaamka. Akavuta pua mara moja.

"Makumbi," akasema. "Mmeingia kwenye shimo la makumbi ya watu."

Sisi ni watoto wa Michenzani. Makumbi ya nazi tunayajua ya kuwashia moto. Mama, aliyezaliwa Jambiani, ndiye aliyetwambia hapo hapo, amelala upande ndani ya gari: wanawake wa huku huyafukia pwani miezi mitano, sita, yaoze, wapate usumba wa kusokota kamba. Juu hupanga mawe yasichukuliwe na maji. Shimo likishafukuliwa nusu, mawe huondolewa, chini hubaki tope. Mwenyeji hupita mbali. Zule alikwepa mawe yote kwa ustadi, akaingia pale pasipokuwa na jiwe.

"Maji yanatoka au yanaingia?" mama akauliza.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuuliza hilo.

Nlitoka nikatazama. Kule mbali, pale palipokuwa na mchanga tulipopita, palikuwa panang'aa. Nkadhani jua. Nkapepesa macho, ukang'aa mstari wa pili karibu zaidi, unatambaa. Maji hayakuwa yanakuja kutoka mbele, kama nlivyokuwa nikifikiri maji huja. Yalikuwa yanapita kwenye bonde nyuma yetu, yametuzunguka, baina yetu na njia tuliyojia. Ubavuni jabali. Mbele vichungu vya mawe. Nyayo zangu zikaanza kulowa.

"Yanaingia," nkasema.

"Leo mwezi ngapi?" mama akauliza. Nkamwambia, kumi na sita kwa mwezi mwandamo. "Bamvua hiyo, maji makubwa. Hapa yatafika juu ya paa la gari yenu."

Zule akatoa simu, akainyanyua huku na huku. Mtandao hakuna. Ndipo nlipomwona dada yangu, ambaye hajawahi kuogopa mtu, anaiangusha simu kwenye tope, wala haiinamii.

Tukaenda kumtoa mama. Mlango wa upande wake umebanwa na rundo la mawe, haufunguki zaidi ya kiganja. Tukapita wa kulia. Zule akaingia kumsukuma, mimi nkamvuta kwapani. Mama ni mzito, na upande wake uliokufa ndio uliokuwa kwetu, mkono hausaidii, mguu umenasa chini ya kiti cha mbele. Tukavuta. Akapiga ukelele mmoja, mkali, nkamwachia. Tukavuta tena. Maji yakaingia mlangoni kimya kimya, yakalowesha zulia, na vipande vya makumbi yaliyooza vikaelea juu yake.

"Niacheni," mama akasema.

"Mama, usiseme hivyo!"

"Niacheni nipumue, mnaniumiza. Wewe Raya, panda juu ya gari, tazama upande wa baharini. Wanawake wa kulima mwani hawajarudi. Maji yakijaa hurudi wote. Piga kelele."

Nlipanda juu ya gari ile ya lulu kwa viatu vyangu vya tope. Nliona maji matupu. Nkatazama mpaka macho yakaniuma, na chini namsikia Zule anasoma kila sura aliyofunzwa chuoni, anazikoroga. Halafu nkaona vitone. Vitone vikawa vichwa, na juu ya vichwa magunia. Nkavua mtandio, nkaupepea, nkapiga kelele kwa sauti nliyodhani imenitoka mgongoni.

Walikuja saba, maji magotini, hawakimbii. Wa mbele mwanamke mrefu, mkavu, kanga kaikunja mapajani. Alitazama gari, akatazama tairi.

"Shimo langu," akasema. "Shimo langu! Mwezi wa tano huu, nusu nimefukua, nusu nafukua wiki hii, na nyie wa mjini mmelipikia uji!"

"Bibi, nakuomba," Zule akasema. "Mama yangu yumo ndani."

Akachungulia. Nkaona uso wake unabadilika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Sichana, binti Silima."

"Silima wa kisimani? Babako alikuwa mwizi wa madafu."

"Mpaka kufa kwake," akasema Bi Sichana, akatupa gunia lake la mwani juu ya jabali. "Haya, jamani. Bibi kwanza."

Wawili wakaingia ndani, mmoja akapiga mbizi kwenye maji ya zulia akaunasua mguu. Wakamlaza mama juu ya kanga mbili zilizokunjwa pamoja, watu sita, kila mmoja kashika upande wake, maji mapajani, wakaenda naye hatua thelathini mpaka penye ufa wa jabali ambao sisi hatukuuona, wana ngazi zao za kuchonga humo. Nliwafuata nimeshika ncha ya buibui la mama, kama mtoto mdogo. Mama alipowekwa juu, pakavu, nlikaa chini nkalia, nkamshika mguu uliokufa, nkaulilia ule.

Kisha Bi Sichana akateremka tena.

"Gari hii tairi zipi zinavuta?"

Zule akageuza uso baharini. Maji yalikuwa yamefika kwenye taa.

"Bibi wee, maji hayangoji. Zipi?"

"Za mbele."

"Za mbele tu? Na ukubwa wote huo?" Wanawake wakacheka, hapo hapo, wamo kwenye maji. Bi Sichana akainama, akatia mikono shimoni mwake, akaanza kutoa makumbi yake mwenyewe, yale yaliyobaki, akayasukumiza chini ya tairi za mbele, na wenzake wakamsaidia kwa mikono na miguu. Kazi ya miezi mitano. "Rudi nyuma, taratibu. Ukikanyaga kwa hasira nakutoa humo nnaendesha mimi."

Gari ikanguruma, ikakohoa, bibi wa Kijapani akapayuka, makumbi yakawarukia watu vifuani. Ikatoka. Wakaisukuma kinyumenyume mpaka pale penye mchanga wa kupandia, wakaipandisha pakavu, na ikazimika palepale, kama iliyokuwa inangojea kufika.

Mama akafikishwa kwa dada yake jioni ile ile, kwa kanga zile zile. Zule alimuuliza Bi Sichana amlipe nini. Akajibiwa pesa hazijazi shimo. Huko aliyeharibu shimo la mtu hulijaza mwenyewe. Basi wiki mbili baadaye, baada ya Fundi Mkadam kuikausha gari bila kusema neno (na kutosema kwake kulimuuma Zule kuliko matusi), tukarudi, nyuma tumepakia makumbi mpaka darini. Bi Zule wa thomu, anayeogopwa soko zima, alisimama pwani kwenye tope la magoti, anapanga makumbi, na Bi Sichana kasimama juu yake: "Si hivyo. Mgongo chini. Hujawahi kupanga kitu, wewe?" Mama na dada yake wamekaa juu ya jabali kwenye viti, wanacheka.

Miezi sita baadaye tukaenda kulifukua, kisha kulijaza tena. Mama kila mara anakuja.

Gari ipo. Ni nzuri, viti bado laini, na uvundo wa makumbi umeushinda ule wa thomu, hata udi hauutoi. Lakini nikikaa mbele, mkono wangu uko kwenye kitasa cha mlango kuanzia Michenzani. Mama naye, Zule kamwekea mto miguuni, mguu usipate kuingia chini ya kiti. Na tukifika Paje, lami inapoishia, husimamisha gari, huteremka, humwendea mwanamke wa kwanza anayemwona, akamuuliza maji yanatoka au yanaingia. Akishajibiwa hurudi, hufunga mkanda, akashika njia ya mawe. Mama anaguna kila jiwe, na Zule anakunja uso, na anaendelea na njia.