Plastiki ya Maua Iliyomnyima Selpha Cheo

Saa moja asubuhi, baridi ya chumba cha kufungia maua inauma vidole. Selpha Akoth anaweka karatasi ya oda mezani, kisha analaza juu yake kipande cha plastiki ya kijani inayoonyesha upande wa pili, ile ya kufungia mashada ya waridi. Anasoma kwa sauti rangi ya maua, urefu wa shina na idadi ya mashada kwa kila sanduku. Wenzake wanaanza kazi.

Hakuna anayeshangaa. Katika shamba hili la maua nje kidogo ya mji wa Thika, Selpha amesoma oda namna hii kwa miaka sita.

"Ngai, Mungu wangu, siku akikosa kukuja ndio utajua umuhimu wake," anasema Emmah Wanyoike, anayefanya kazi naye meza moja. "Sisi hatuna shida na hiyo plastiki. Shida iko ofisini."

Selpha, 34, alikulia Siaya na sasa anaishi mtaa wa Kamenu, Thika. Shule aliiacha kidato cha pili, na si kwa kupenda.

"Nikifungua kitabu, maneno yanaanza kutembea kama siafu," anasema. "Nikikaza macho, kichwa kinauma. Mwalimu anasema mimi ni mvivu, ananichapa. Nilichapwa mpaka nikaamini mimi ni mjinga kweli."

Ukweli aliupata kazini, kwa bahati tu. Mteja mmoja hupenda waridi zake zifungwe kwa plastiki ya kijani, na siku moja kipande kikaanguka juu ya oda.

"Nikaona maneno yametulia. Nikaitoa, yakaanza tena. Nikairudisha, yakatulia. Nililia hapo hapo. Emmah akafikiria nimefiwa."

Mwaka jana nafasi ya msimamizi wa meza yao ilitangazwa. Kulikuwa na mtihani wa kuandika, na Selpha akaingia na plastiki yake. Afisa aliyesimamia aliinyakua mbele ya watu, akaigeuzageuza kwenye mwanga akitafuta majibu. Hakuona hata nukta. Hata hivyo hakuirudisha.

"Aliniambia, 'Mama, huu ni mtihani, si harusi. Hatutaki mapambo.' Watu wakacheka."

Akafeli. Kesho yake asubuhi, ofisi ile ile ikamletea oda asome, na akasoma kwa kipande kingine cha plastiki ile ile. Yaani plastiki ni halali anapowafanyia kazi, lakini akitaka kupanda cheo inageuka wizi wa mtihani. Aibu gani hii!

Selpha alipolalamika, aliambiwa alete barua ya daktari. Akaenda kwa Ephantus Ngigi, daktari wa macho mjini Thika, ambaye alimpima na kuandika kweli tupu: macho ni mazima. Ofisi ikashika hapo hapo. Kama macho ni mazima, plastiki ni ya nini?

Angekuwa haoni mbali, angevaa miwani, na hakuna afisa ambaye angethubutu kumvua. Kosa lake ni kwamba tatizo lake halionekani kwenye kipimo chao.

Daktari Ngigi hajifanyi kuwa na jibu la kila kitu. "Wataalamu wenyewe wanabishana kuhusu hizi plastiki za rangi za kusomea," anasema. "Si dawa, na kuna wengi haziwasaidii. Lakini huyu mama alisoma mbele yangu bila plastiki akakwama. Akasoma nayo, akaenda vizuri. Sasa inamdhuru nani?"

Haimdhuru yeyote, na hilo ndilo linalochoma. Selpha haombi aongezewe muda wala apunguziwe maswali. Anaomba tu maneno yatulie ili ajibu maswali yale yale wanayojibu wengine.

Aliyepewa nafasi ile amehamia Ruiru, na mtihani unarudiwa mwezi ujao. Safari hii Selpha hakungoja anyang'anywe plastiki tena. Alimtuma mwakilishi wa wafanyakazi, Byron Kimanzi, apeleke ombi lake ofisini.

"Nimeenda mara mbili," anasema Kimanzi. "Kila saa ni kesho, kesho. Na si kitu kikubwa anataka."

Kweli si kikubwa. Kinauzwa katika kila duka la vitabu mjini Thika.

"Wanaogopa nitaibia? Sawa," anasema Selpha, akifunga sanduku la mwisho la asubuhi. "Huo mtihani wauchapishe kwa karatasi ya kijani, maneno yatanitulia hapo pia, na kila mtu apewe hiyo hiyo. Halafu waniambie nimemwibia nani."