Mzee Melkior Akaguliwe Kiwele

Aminieli wa Rau alikuwa na dini mbili. Ya kwanza ni ya Kilutheri, aliyobatizwa nayo akiwa amelala. Ya pili aliichagua mwenyewe akiwa macho: kutoandika kitu kimoja mara mbili.

Kazi yake ilikuwa kutunga programu za kompyuta, katika chumba cha nyuma ya duka la dawa za mifugo, ambako hata chai ilinuka dawa ya kupe. Wenzake mjini walishona programu kama fundi anavyoshona suti, kila mteja akipimwa kiuno upya. Aminieli aliona huo ni ujinga wenye jasho. Yeye aliunda vipande, akavihifadhi: kipande cha kutuma meseji, kipande cha kupanga majina, kipande cha kuomba radhi mfumo ukikwama. Mteja akija, anaviunga kama mtu anayejenga kwa tofali zilizokwisha kuchomwa, halafu anakaa kimya wiki nzima ili mteja adhani kazi ilikuwa ngumu.

Lakini alichokipenda kuliko kuunga ni kuzalisha. Kompyuta inakuruhusu kusema kwamba kitu hiki ni mtoto wa kile. Ukishasema, mtoto anarithi kila kitu cha mzazi wake bila wewe kutoa jasho, na unachoandika ni zile tofauti tu. Kwa mtu mvivu mwenye akili, huo ni uchawi halali.

Kindness, aliyegawana naye meza, hakuupenda uchawi huo. Alikuwa mwenyeji wa Sanya Juu, na wazazi wake walimpa jina hilo kwa matumaini tu.

Mfumo uliompa Aminieli jina ulikuwa wa kikundi cha wafuga ng'ombe upande wa Mbokomu. Kila ng'ombe aliandikwa jina lake, boma lake na zamu zake za kukamuliwa. Ng'ombe asipotoa maziwa kwa zamu tatu, meseji ilikwenda kwa wanachama wote. Hilo la wote walilidai wenyewe. Ilikuwa desturi yao kuuziana ng'ombe waliokauka, tena baada ya ibada, wakipeana mikono kwa jina la Bwana, na sasa walitaka kila mmoja ajue hali ya kiwele cha jirani yake. Mfumo ukafanya kazi vizuri mno. Biashara ya ng'ombe wakavu ikafa, na watu wakawa wanarudi kutoka ibadani mapema.

Ndipo likaja suala la Salvina.

Salvina alifundisha baiolojia sekondari, na kwao ni Kibosho, Wakatoliki wa tangu babu. Aminieli alitaka kumuoa, na barua ya posa ilikuwa karibu kupelekwa. Kikwazo kilikuwa baba yake, mzee Melkior, mtu wa maneno machache ambaye alikuwa hajawahi kumsikia Mlutheri huyu. Basi Aminieli alipopata habari kwamba watu wa mfongo wa kwa kina Salvina, yaani ule mfereji wa kunyweshea migomba, wanagombana kila siku juu ya zamu za maji, alijitolea kuwatengenezea mfumo bure. Alitaka jina lake lifike kwa mzee kabla ya yeye mwenyewe kufika.

Hakuanza upya, dini yake ilimkataza. Alimchukua Ng'ombe, akamzalisha Mwanachama.

Kindness aliinama kwenye kioo cha kompyuta, akasoma mstari ule, akasoma tena.

"Ami, mtu si aina ya ng'ombe."

"Ana jina. Ana boma. Ana zamu yake asubuhi, na asipotokea anaulizwa. Nionyeshe tofauti."

"Kwato."

"Hiyo nitaiandika."

Kindness akavuta kiti. Alimweleza kwamba wanachofanana ng'ombe na mtu hapo ni zamu basi, si ukoo. Aitoe hiyo zamu iwe kipande kinachojitegemea, kisha ng'ombe apewe zamu, mtu apewe zamu, na kila mmoja abaki kwa baba yake. "Ukimzaa mtu kwa ng'ombe," alisema, "atarithi hata yale uliyosahau kwamba yamo."

Aminieli alimjibu kwamba mfumo unafanya kazi. Na kweli ulifanya. Alifuta maziwa palipoandikwa maziwa, akaandika maji, kila mahali alipokumbuka.

Mwezi mzima watu wa Kibosho walifungua maji kwa zamu na hakuna aliyemtishia mwenzake kwa jembe. Mzee Melkior mwenyewe alisikika akisema kijana wa watu ana kichwa. Salvina alimpigia Aminieli simu kumpa habari hiyo, na Aminieli akanunua shati la kuendea posa.

Kisha ukaja msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuchimbua mfongo, ambayo nayo mfumo uliihesabu kama zamu. Mzee Melkior alikuwa na goti bovu. Alimwambia mwenyekiti kwa mdomo kwamba hataweza kuinama, mwenyekiti akakubali kwa mdomo, na mfumo, ambao hauna masikio, haukuambiwa. Mzee akakosa zamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na hapo ndani ya Mwanachama kikaamka kitu cha mama yake, ambacho Aminieli hakukifuta kwa sababu hakukumbuka kama kipo.

Simu za mtaa mzima zikalia kwa pamoja, watu wakiwa wanatoka misa.

"TAHADHARI. Melkior. Hajatoa maji kwa zamu tatu. Akaguliwe kiwele, apimwe mimba. Asipopata nafuu apelekwe buchani mapema, kabla hajakonda."

Mzee Melkior alivaa miwani, akaisoma mlangoni mwa kanisa, akaitia simu mfukoni kama mtu anayetia leso. Wengine walisema kwa niaba yake. Rika lake mmoja alimpa pole, akamuuliza ni mimba ya miezi mingapi. Mama mmoja wa jumuiya alishauri apewe majani ya mgomba na pumba kwanza, kabla ya hilo la bucha.

Aminieli alipopata habari alijua la kufanya. Si alikuwa na kipande cha kuomba radhi, kilichojaribiwa, kinachofaa kila mahali? Akakibonyeza. Kipande kile kilitazama kinazungumza na nani, kikaukuta ukoo, kikaandika ipasavyo:

"Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Tunawathamini mifugo wetu wote."

Nayo ikaenda kwa mtaa mzima.

Jioni Salvina alipiga. Hakulia, na hilo lilimtisha zaidi. Alisema baba yake ametamka sentensi moja tangu asubuhi, kwamba barua ya posa isiletwe, kwa kuwa yeye hasomi barua, ana kwato.

"Baba hatanii, Ami," akasema Salvina. "Na mimi siolewi kwa kumruka baba. Fanya unachofanya, lakini usitumie simu."

Kesho yake Aminieli alikwenda kwa baba yake mdogo, Yakobo, ambaye ndiye angeongoza watu wa posa. Yakobo alicheka mpaka akakaa chini, akafuta macho, akaenda nyuma ya nyumba penye mpaka wa kihamba, shamba lao la migomba. Akarudi na jani la isale, akalifunga fundo. Wachagga wana neno moja juu ya jani hilo: akiletewa isale, aliyekosewa halikatai. Yakobo aliagiza na mbege, ile pombe ya ndizi, kibuyu kimoja, akampa mwanawe sharti la kufunga mdomo.

Walimkuta mzee Melkior barazani, mguu wenye goti bovu umenyooshwa juu ya kigoda. Shikamoo ya Aminieli aliijibu akiwa anatazama migomba. Yakobo akasema yale yanayosemwa, akamkabidhi isale kwa mikono miwili.

Mzee alilizungusha jani.

"Mlinitukana mara mbili," alisema. "Kwanza bucha, halafu na ile radhi yenu. Hili jani ni la lipi?"

"Isale haliulizwi la lipi, mzee mwenzangu," akajibu Yakobo.

"Simu yake iliniomba radhi pamoja na mifugo ya kata nzima."

"Hili limekuja kwako peke yako. Tena limepanda mlima kwa miguu."

Aminieli alikuwa amekatazwa kusema, ila hakukatazwa kuwaza, na maradhi yake hayakumwacha hata pale. Jani lile lile hulipeleka aliyempiga ndugu yake, na hulipeleka ambaye mbuzi wake kala maharage ya jirani. Sasa lilikuwa limeletwa na mtu aliyempeleka baba mkwe buchani. Hakuna aliyelibadilisha hata unyuzi mmoja, na halikubeba harufu ya kosa lililopita. Alitamani kumjua aliyeliunda, amwombe kazi.

"Nimelipokea," akasema mzee Melkior. Akaonja mbege, akampa Yakobo, na Yakobo akampa Aminieli, aliyemwagia shati jipya. "Barua ije. Katika mahari nataka mtamba mmoja, ambaye hajazaa. Jina nitampa mwenyewe."

Suala la dhehebu, ambalo familia zote mbili zilikuwa zimejiandaa kuligombania mpaka Pasaka, halikutajwa. Hasira ilikuwa imeishia kwa ng'ombe.

Aminieli alirudi Rau, akakaa na Kindness wakabomoa kila kitu. Zamu ikawa kipande chake, Tahadhari chake, na Radhi chake, nayo ikakatazwa kujua ukoo wa mtu. Ng'ombe akapewa anavyovihitaji, Mwanachama akapewa vyake, na kati yao hakukubaki undugu wowote. Kindness hakusema nilikwambia. Alichapisha ile meseji ya kiwele, akaibandika ukutani juu ya birika.

Posa ilipokelewa, mtamba akapanda Kibosho kwa pikapu. Watu wa huko nao walikuwa wameanzisha kikundi cha maziwa na kuomba mfumo ule ule, uliosafishwa. Mzee Melkior alijiunga siku ya kwanza. Alimwandikisha mtamba wake kwa mkono wake mwenyewe, akiwa na miwani. Penye jina aliandika Aminieli. Penye swali la kama mnyama ni mtamba au ni ng'ombe anayekamuliwa, alitafakari kidogo, akaweka alama kwa anayekamuliwa.

Zamu tatu zikapita.

"TAHADHARI. Aminieli, wa boma la Melkior. Hajatoa maziwa kwa zamu tatu. Akaguliwe kiwele, apimwe mimba."

Safari hii hapakuwa na neno hata moja la kurekebisha. Meseji ilimfikia Salvina, ambaye aliituma kwenye kundi la kamati ya harusi, na kamati ikasimamisha habari ya maturubai kwa siku nzima kuijadili.

Aminieli alimwomba Kindness aweke kizuizi, kwa yule mnyama mmoja tu. Kindness alifungua mfumo, akaupitia kipande kwa kipande bila haraka, akaufunga.

"Hauna kosa," alisema. "Kila kimoja kinafanya kazi yake."

Mtamba akachukua muda wake kuzaa, kama mitamba yote, na kila zamu tatu meseji ikatoka tena, ikasambaa hadi Rau. Jumapili kwa Jumapili, mzee wa kanisa la Rau alimshika Aminieli bega mlangoni, akamuuliza kwa upole kama bwana mifugo ameshampima.